Usiipe Mizani Kazi ya Kupima Mbio

Watanzania wengi tulijifunza kukimbia kwa amri. Ulikuwa mchakamchaka wa shule, jua halijachomoza vizuri, mstari mrefu, wimbo wa kupokezana, na nyuma mwalimu au kiranja ameshika fimbo. Aliyeachwa alichapwa au alizungushwa uwanja mara ya pili, na mara nyingi aliyeachwa alikuwa mtoto mnene. Tukatoka pale na imani mbili ambazo hazijatuachia hadi ukubwani: kwamba kukimbia ni adhabu, na kwamba anayeacha kukimbia akatembea ameshindwa. Siku mtoto yule, ambaye sasa ana miaka 40 na kilo 100, anapoambiwa kliniki kwamba presha imepanda na apunguze mwili, anaingia barabarani na imani zilezile, kisha anaongeza ya tatu: kwamba mizani itamjibu ndani ya wiki chache. Naamini hizi tatu ndizo zinazowarudisha watu kitandani, kuliko uvivu tunaowasingizia. Mtu mzima mwenye uzito mkubwa ana kila sababu ya kukimbia. Ila aanze kwa kutembea, aende polepole kuliko aibu yake inavyomtaka, na asizipime mbio zake kwa kilo.

Nianze na mizani, maana ndiyo inayovunja moyo wengi. Kukimbia kilomita moja hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 100 akikimbia kilomita 5 ametumia kama kalori 500, ilhali kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zinazokaribia 7,700. Kwa hesabu hiyo, akikimbia kilomita 5 mara tatu kila wiki bila kubadili chochote mezani, itamchukua wiki tano kupunguza kilo moja. Na anayeanza hana uwezo wa kukimbia kilomita 5. Katika wiki yake ya kwanza, akichanganya kukimbia na kutembea, atafikisha labda kilomita mbili na nusu kwa siku, yaani kalori 200 na ushei. Soda moja ya chupa na andazi moja, vikinunuliwa njiani wakati wa kurudi, vinazirudisha zote. Jumatatu anapanda kwenye mizani na kukuta namba ileile, pengine imeongezeka, kwa kuwa misuli iliyochoka hushika maji kwa siku kadhaa. Anahitimisha kwamba mwili wake una kasoro, anaziweka raba uvunguni. Mwili wake hauna kasoro yoyote. Ameahidiwa kitu ambacho hesabu haikubali.

Ushahidi unaonigusa zaidi katika jambo hili umetoka hapahapa nchini. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula karibu na Ziwa Eyasi. Waliwapa maji maalumu ya kunywa ambayo mabaki yake hufuatiliwa kwenye mkojo, na kwa njia hiyo wakajua kila mtu anatumia nishati kiasi gani kwa siku. Wanaume walikuwa wakitembea zaidi ya kilomita 10 kila siku na wanawake karibu 6. Yeyote angetarajia watu hao watumie nishati nyingi kuliko Wamarekani na watu wa Ulaya wanaoshinda wamekaa. Haikuwa hivyo. Tofauti za ukubwa wa miili zilipozingatiwa, matumizi ya siku nzima yalikuwa sawa. Pontzer anaeleza kwamba mwili una bajeti, ukitumia zaidi kwenye mwendo unabana mahali pengine. Wataalamu wangali wanabishana mwili unabana kiasi gani, na itakuwa kosa kusema kwamba mazoezi hayaunguzi kitu. Hata hivyo, matokeo yale yanatosha kumwondolea mtu dhana kwamba anaweza kula atakavyo usiku na kulipa deni alfajiri kwa miguu. Kilo huondoka zaidi jikoni: kwenye ukubwa wa bonge la ugali na mlima wa wali, kwenye mafuta ya kukaangia, kwenye vijiko vya sukari katika chai, kwenye juisi na soda zinazoteremshia kila mlo.

Hapo msomaji ana haki ya kuuliza: kama ni hivyo, mtu ahangaike kukimbia kwa nini? Swali ni zuri na jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 55,137 kwa wastani wa miaka 15. Waliokuwa wakikimbia walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 30 kuliko wasiokimbia, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa iliyo pungufu kwa asilimia 45. Lenye uzito zaidi kwa anayeanza ni kwamba nafuu ilionekana hata kwa waliokimbia dakika 5 hadi 10 tu kwa siku, tena kwa mwendo wa taratibu. Mtu atapinga kwamba huenda wanaokimbia ni watu ambao tayari wana afya, na pingamizi hilo lina nguvu, kwani utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kulimaliza kabisa. Basi tutazame jaribio ambalo watu waligawanywa kwa bahati nasibu. Ni lile la kuzuia kisukari lililofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2002, likihusisha watu 3,234 waliokuwa wamekaribia kuugua. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kurekebisha chakula na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58 katika kundi hilo ukilinganisha na waliopewa dawa isiyo na kitu. Asilimia 7 ya kilo 100 ni kilo 7. Hakuna jirani atakayeziona kilo hizo, na bado zikiandamana na mwendo zilitosha kubadili maisha ya watu. Kuna pia daftari la Marekani lililoanzishwa mwaka 1994 kuorodhesha watu waliopunguza zaidi ya kilo 13 na wakakaa mwaka mmoja au zaidi bila kuzirudisha. Karibu wote hufanya mazoezi mara kwa mara. Kwa hiyo chakula hushusha uzito, na mwendo huulinda usirudi, huku moyo, sukari, usingizi na pumzi vikipata faida ambayo mizani haina namna ya kuionyesha.

Sasa niingie kwenye miguu. Anayetembea huweka ardhini uzito unaozidi kidogo ule wa mwili wake. Anayekimbia huweka mara mbili hadi tatu, kwa mguu mmoja, zaidi ya mara 1,000 katika kila kilomita. Kwa mtu wa kilo 100 hiyo ni kilo 200 hadi 300 kwa kila hatua. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi. Mtego umejificha katika tofauti hiyo: wiki ya tatu au ya nne mtu anaona pumzi haimkati tena kama mwanzo, anaamini mwili mzima umekomaa, anaongeza umbali, na hapo ndipo ugoko au kisigino kinapoanza kulalamika. Watafiti wa Denmark waliolifuatilia kundi dogo la wakimbiaji wapya wenye unene mkubwa waliandika mwaka 2014 kwamba waliokimbia zaidi ya kilomita 3 katika wiki ya kwanza walionekana kuumia zaidi. Kilomita 3 kwa wiki nzima! Linganisha na yule anayetoka Jumamosi ya kwanza na kundi la mtaa na kukomaa nao kilomita 8 ili asionekane dhaifu.

Njia salama inajulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1996 Mmarekani Josh Clark alitunga mpango wa wiki tisa wa kumtoa mtu kwenye kochi hadi kukimbia kilomita 5, na baadaye huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ikauchukua na kuusambaza kwa wananchi. Wiki ya kwanza ni siku tatu. Unatembea kwa kasi dakika 5 kupasha mwili, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Kwa mtu wa kilo 100 na zaidi, hata huo ni mwepesi kwa pumzi na mzito kwa kano, na sioni ubaya wa kutanguliza mwezi mzima wa kutembea tu, au kurudia wiki moja mara mbili au tatu. Kipimo cha mwendo ni mdomo: ukishindwa kumjibu mwenzako kwa sentensi kamili, umezidisha. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye presha au kisukari kisichotulia, amwone daktari kabla ya kuanza. Na wale wanaovaa jaketi zito au kujifunga nailoni tumboni ili watoe jasho jingi, wajue kwamba jasho ni maji. Yanarudi na glasi ya kwanza, na kwa joto la Dar es Salaam au Tanga mtindo huo unaweza kumwangusha mtu barabarani.

Pingamizi linalosikika kuliko yote ni la magoti. Mnene akikimbia, wanasema, atayamaliza. Hofu hiyo haitoki hewani, kwa kuwa uzito mkubwa peke yake huchosha magoti hata ya mtu asiyekimbia kabisa. Ila kudhani kwamba kukimbia kwenyewe ndiko kunakoyala magoti hakupati msaada kwenye takwimu. Utafiti wa Paul Williams uliochapishwa mwaka 2013, ukiwa na wakimbiaji karibu 75,000, uliwakuta na ugonjwa wa kusagika viungo kwa kiwango kidogo kuliko watu waliochagua kutembea. Ni lazima niseme kwamba sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na wakimbiaji kuwa wembamba, kwa hiyo mnene hawezi kuichukua yote kama yake. Anachoweza kuchukua ni kwamba kiungo kinachopewa kazi kwa kipimo hakiozi kwa kazi hiyo. Maumivu ya misuli ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya goti yanayoongezeka kadiri unavyokwenda, au yanayokufanya uchechemee, ni amri ya kusimama.

Wengine watasema polepole haina mvuto. Mtu anahitaji kuona mabadiliko upesi, la sivyo atakata tamaa, na wapo waliokimbia kwa nguvu tangu siku ya kwanza wakapungua kweli. Wapo, nakubali. Tunawaona kwa sababu walifika. Walioumia wiki ya nne hawapigi picha. Pia wanaofuata mambo haya kwa karibu watanikumbusha jaribio la Groningen, Uholanzi, la mwaka 2008, ambapo mpango wa wiki 13 haukupunguza majeraha ukilinganisha na wa wiki 8. Katika makundi yote mawili karibu mtu mmoja kati ya watano aliumia. Nalichukulia jaribio hilo kwa uzito. Linanifundisha kwamba kurefusha kalenda peke yake hakumkingi mtu, na kwamba hata mpango mzuri lazima upinde mbele ya mwili wa anayeufuata. Halinifundishi kwamba kilomita 8 za Jumamosi ya kwanza ni sawa. Kuhusu mvuto, mabadiliko ya upesi yapo kwa anayejua pa kuyatafuta: sekunde 60 zilizokuwa mateso zinakuwa za kawaida, ngazi za ofisini hazikatishi mazungumzo, na usingizi unakuja mapema. Hayo hutokea ndani ya mwezi, wakati mizani ingali kimya.

Kinachobaki hakimo mikononi mwa anayekimbia. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa muda ule ule na Mjerumani aliyemfuata, na nchi ilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tukisema mkimbiaji tunamwona yeye, na mama mnene anayejikongoja kwenye ukingo wa barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu anaitwa bonge na kondakta wa daladala. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene. Hao ni mamilioni ya watu tunaowaambia wafanye mazoezi kisha tunawacheka wakitoka. Viongozi wa vikundi vya jogingi, ambavyo sasa vimejaa mitaani kila mwisho wa wiki, wanaweza kuanza kulirekebisha hili wiki hii bila kuomba fedha popote. Wawe na kundi la pili linalotembea na kukimbia kwa zamu, lenye fulana zilezile na nyimbo zilezile, na mmoja wa wakimbiaji wao wenye nguvu apewe kazi ya kukaa nyuma kabisa. Mahali pale pale alipokuwa mwenye fimbo, awepo mtu wa kuhesabu sekunde, kubeba maji na kumsindikiza wa mwisho hadi afike.