Nyanya wa Elwak Naye Ana Historia

Atakaye kuyajua mapigano ya Elwak ya Desemba 1940 hapati taabu. Vitabu vinaeleza jinsi majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yalivyowashinda Waitalia hapo mpakani, na mjini Accra upo uwanja uliopewa jina la El-Wak kwa kumbukumbu hiyo. Lakini akina mama waliokuwa wakiteka maji katika visima hivyo hivyo, nani aliyeandika habari zao?

Afapo mama mzee katika sehemu hizo, hotuba huwa fupi. Alikuwa mcha Mungu, alikuwa mvumilivu, ameacha watoto na wajukuu. Dua naitikia. Nisiloliridhia ni neno hilo "mvumilivu", kwani linafunika kazi nzima ya maisha yake. Katika jamii za wafugaji wa huko, mwanamke ndiye asukaye mikeka ya nyumba, ndiye aisimamishaye na kuibomoa wakati wa kuhama, ndiye avifukizaye moshi vyombo vya maziwa yasiharibike upesi. Hiyo ni elimu, wala si uvumilivu. Juu yake ongeza kulea watoto chini ya sheria za hali ya hatari, zilizoukandamiza Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi 1991.

Chukua mfano wa jirani zao wa Wajir. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964, alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 kwa kazi yake ya upatanishi. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanajua kwamba nyuma ya kazi hiyo palikuwa na mazungumzo ya mama na bintiye. Koo zilipokuwa zikipigana mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dekha alijificha usiku chini ya kitanda pamoja na mtoto wake wa kike, risasi zikipita nje. Baadaye mama yake akamsimulia kwamba yeye naye, katika miaka ya 1960, alijificha vivyo hivyo akiwa na Dekha mchanga. Wakaona haifai mtoto yule naye aje kumficha wa kwake. Dekha na wanawake wenzake wakaanzia sokoni, wakihakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubughudhiwa. Dekha alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani. Nyanya yule asingesimulia, binti angedhani masaibu yale yameanza naye.

Ndiyo sababu nawaomba walimu wa Elwak wawatume wanafunzi kwa nyanya zao, daftari mkononi. Najua jibu: silabasi ni ndefu. Lakini insha huandikwa hata hivyo, na mwalimu gani hajachoka kusahihisha ajali za kubuni zinazoanza na ndege kuimba mitini? Mtoto na aulize kwa lugha ya nyumbani, kisha aandike kwa Kiswahili. Asiulize, "Uliteseka vipi?" Aulize nyumba ilijengwa kwa miti gani, ngamia alipakiwa nini kwanza, ukame gani uliwamaliza mbuzi, na nani alimfundisha kuzalisha wenzake. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1960 wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua.

Tahadhari moja ni lazima. Wagarre na Wamurule walimwaga damu eneo hilo mwaka 2004 na 2005, na yapo mambo ambayo nyanya atayanyamazia. Mtoto asimshurutishe. Akiyasema, mwalimu ayasome kwanza peke yake, na jina la muuaji lisisomwe darasani, kwa maana huenda mjukuu wake ameketi dawati la pili.