Sinia Mbili kwa Sababu ya Mashine ya Gemu

Siku ya pili ya Idi, vijana wetu wawili, watoto wa ndugu wawili waliolelewa katika ua mmoja, walikula kila mmoja sinia yake. Tulipochunguza, tukaambiwa kwamba walikuwa wamechanga mkono wao wa Idi ili wanunue mashine ya gemu iliyokwisha kutumika. Mmoja ataka Xbox 360, mwenziwe hasikii lolote ila PlayStation 3, na maneno yaliyotoka baina yao hayasemeki mbele ya wazee. Sisi ambao tulikuwa hatujui tofauti ya mashine hizo mbili ilitubidi tukae tuzisome.

Ugomvi wenyewe, kumbe, ni mkongwe kuliko wagomvi. Microsoft ya Marekani ilitangulia kuitoa Xbox 360 mnamo Novemba 2005. Mwaka mmoja baadaye kampuni mbili za Kijapani zikafuata: Sony ikaleta PlayStation 3 kwa bei ya dola 499 au 599 kule Marekani, na Nintendo ikaleta Wii kwa dola 250 hivi.

Mwenye kutangulia ndiye aliyeumia kwa upande wa uimara. Xbox 360 za mwanzo zilikuwa na duara la taa kuzunguka kitufe cha kuwashia, na robo tatu za duara hilo zilipowaka nyekundu, mwenye mashine alijua kwamba imekufa. Sababu ilikuwa joto. Mashine ikiwashwa huchemka, ikizimwa hupoa. Vitu vya ndani hutanuka na kunywea kila siku, mpaka viungo vidogo vya lehemu vikapasuka. Wengine waliizungushia taulo mashine iliyokufa na kuiacha iwake, ili joto lizidi na viungo vishikane tena. Ilifufuka siku chache, kisha ikafa kifo kibaya zaidi. (Tafadhali, mtoto asije akajaribu jambo hili chumbani.) Mnamo Julai 2007 Microsoft ilikiri tatizo, ikaongeza dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu, na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo.

Mwaka 2009 kampuni ya Kimarekani ya dhamana, SquareTrade, iliangalia mashine 16,000 ilizozidhamini. Katika miaka miwili ya matumizi, asilimia 23.7 ya Xbox 360 zilikuwa zimeharibika, kwa PlayStation 3 asilimia 10, na kwa Wii asilimia 2.7 tu. Kwa hesabu hiyo, karibu moja katika kila Xbox nne ilirudi kwa fundi. Lau lingekuwa jiko la gesi au friji, nani kati yetu angeinunua tena?

Lakini waliinunua. Miezi miwili tu baada ya Microsoft kukiri, mnamo Septemba 2007, ilitoka gemu ya Halo 3, iliyokuwa ikichezwa wakati huo kwenye Xbox 360 peke yake, na kwa siku moja ikauzwa kwa dola milioni 170 nchini Marekani. Wako walioharibikiwa na mashine ya kwanza wakanunua ya pili. Tulilishangaa hilo mpaka kijana wetu mkubwa alipotueleza kwamba gemu alizonunua mtu katika mashine moja haziingii katika nyingine, na marafiki anaocheza nao mtandaoni wako huko huko. Anayehama huacha mali yake na wenziwe. Si mapenzi matupu, basi; ni kama mtu aliyekwisha kujenga katika kiwanja cha mwenyewe.

Kwa mauzo, Wii ndiyo iliyoshinda, ikapita milioni 101. PlayStation 3, licha ya bei yake ya mwanzo, ilifika milioni 87 hivi, na Xbox 360 ikafuata kwa karibu na milioni 84. Kwa hiyo mashine madhubuti kuliko zote ndiyo iliyouzwa kuliko zote, na hapo ungedhani shauri limekwisha. Sivyo. Nintendo ilipoleta Wii U mwaka 2012, haikuuza hata milioni 14. Wale wazee na akina mama waliokuwa wakirusha mikono mbele ya televisheni hawakurudi. Walicheza, wakafurahi, wakaendelea na maisha yao, na kwa maoni yetu hao ndio wateja wenye akili kuliko wote, ingawa vijana wetu walicheka tuliposema hivyo.

Tuliwaambia vijana, basi, kwamba kila mmoja ana nusu ya haki. Ya PlayStation 3 ni imara zaidi kwa takwimu hizo. Ya Xbox 360 hainunuliki kwa macho, hasa zile za mwanzo; iliyo salama zaidi ni ile nyembamba iliyotoka mwaka 2010. Isitoshe, duka lake la mtandaoni lilifungwa Julai 2024, hivyo gemu za kutafutwa ni za diski. Na iwe ipi, haifai kuwekwa ndani ya kabati lililofungwa katika joto hili letu la kaskazi.

Tulifuatana nao dukani. Muuzaji aliiwasha kwa dakika mbili akataka pesa. Tulikataa, tukakaa kwenye benchi, gemu ikachezwa saa nzima huku tukiushika mgongo wa mashine kwa kiganja. Ya kwanza ilizima yenyewe kabla ya nusu saa. Ya pili, PlayStation 3, ilistahimili, tukailipia.

Mwenye kutaka Xbox bado hajakubali kwamba ameshindwa. Ila tangu juzi, baada ya Alasiri, tumemwona ameishika padi, na sinia imerudi kuwa moja.