Babu Yako Hakuwa Sultani, Acha Kucheza Kama Sultani

Kuna tabia moja inayonikera miongoni mwetu tunaopenda michezo ya mikakati kwenye kompyuta. Mtu anafungua Europa Universalis IV, ramani ya dunia ya mwaka 1444 imetandazwa mbele yake, naye anachagua Uingereza. Mwenzake anayejiona mzalendo anachagua Mombasa au Kilwa, anatangaza kwamba anacheza historia ya ukoo wake, kisha anaanza kuteka bara kama Mreno. Jamani, ukoo gani huo?

Tuseme ukweli. Wengi wetu hatutoki katika nyumba za masultani. Wakikuyu, Wakamba na Wamijikenda walijiongoza kwa mabaraza ya wazee na marika, bila mfalme. Hebu tazama mchezo unavyowatendea watu wa namna hiyo. Kipimo chake ni dola. Eneo ambalo halikupewa dola linangoja tu mtu wa kulitwaa. Fungua faili ya eneo kama hilo (ni maandishi ya kawaida, Notepad inatosha) na utakuta wenyeji wamefanywa nambari tatu: idadi yao, ukali wao na uadui wao. Hakuna baraza, hakuna soko, hakuna kaya.

Mimi ni mtengenezaji wa programu. Najua programu haiwezi kubeba kila kitu. Lakini kuamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe ni maoni ya aliyeandika, na maoni hupingwa.

Nasi tuyapinge kwa kucheza nasaba zetu za kweli. Keti na nyanya yako. Andika majina anayoyakumbuka, walikotoka, walioa wapi, walifanya kazi gani. Kisha geuza kila jibu liwe sharti la mchezo. Kwetu nyanya ni Mdigo na babu ni Mkamba. Basi nikicheza Mombasa siteki bara hata shamba moja, kwa maana huko ndiko kwa wakwe. Fedha yangu itoke katika biashara, kama Wakamba waliobeba pembe za ndovu hadi pwani katika karne ya 19. Adui wangu atatoka baharini, kama Francisco de Almeida aliyeuchoma mji mwaka 1505. Na nikishindwa vita, sirudi kwenye mchezo niliouhifadhi jana. Wao hawakuwa na jana ya kurudia.

Utaniambia, "Huo ni mchezo tu." Haya. Lakini mchezo unaokula usiku wako mwaka mzima unakufundisha, utake usitake. Nawajua vijana wanaoweza kukutajia wafalme wa Ufaransa kwa mpangilio, ila mamake babu yao hawamjui hata kwa jina.

Utaniambia tena kwamba masharti haya yanaufanya mchezo kuwa mgumu. Naam! Kuiteka dunia ukiwa Uingereza ni kazi ya subira tu. Kuulinda mji mdogo wenye majirani uliokula nao kiapo, huku merikebu zenye mizinga zikikaribia, hapo ndipo utajua kama una akili.

Na pale ambapo jamii yako haipo kabisa kwenye ramani, iongeze. Lipe eneo mwenyewe, andika utamaduni wake, jaribu, rekebisha, jaribu tena. Faili ziko wazi na hakuna wa kuomba ruhusa. Kazi ngumu ni kupata cha kuandika humo, kwa sababu kimo vichwani mwa wazee, na vichwa hivyo havina nakala ya akiba. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kompyuta leo jioni, mpigie nyanya simu.