Usimdharau kibua akiwa sufuriani

Ukimuuliza mkazi wa jijini akutajie samaki wa Malindi, hakika atakutajia nguru, changu, tafi au kamba. Hao ndio wanaotafutwa na mahoteli, na ndio ambao bei yao humfanya mwenye mkoba mwepesi apite akitazama kando. Ni wachache watakaomtaja kibua, samaki mdogo wa rangi ya fedha mwenye mgongo wa kijani, ambaye wengine humwita una. Ilhali kwa upande wa lishe, kibua aliyepikwa vyema hana sababu ya kumwonea haya nguru. Isitoshe, hao wawili ni wa ukoo mmoja, pamoja na jodari.

Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, humwaga maji yake baharini kaskazini mwa mji wa Malindi, upande wa kwenda Mambrui. Mvua ikinyesha bara, bahari hapo hubadilika rangi ikawa ya udongo. Udongo huo una madhara yake kwa matumbawe, lakini pamoja nao huja virutubishi vinavyolisha vijimea na vijidudu vidogo mno vya baharini. Hicho ndicho chakula cha kibua, ambaye huyachuja maji kwa matamvua yake. Kumbuka jambo hili, kwani tutalirudia.

Sasa tuseme lililo zito. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya umri wa miaka mitano, 18 wamedumaa. Katika Kaunti ya Kilifi, idadi hiyo ilikuwa 37, ambayo ni kubwa kuliko ya kaunti nyingine yoyote nchini. Mtoto aliyedumaa si mfupi wa kimo tu. Hata akili yake huenda isikue kama ilivyopasa, na pengo la miaka miwili ya kwanza ni vigumu sana kulijaza baadaye. Sababu ni nyingi: ukame wa sehemu kama Ganze, umaskini, maradhi na maji machafu. Lakini mojawapo ni sahani yenyewe, ambayo siku nyingi huwa na sima tele na kitoweo cha kubahatisha. Inasikitisha kwamba haya yanatendeka katika kaunti yenye bahari mlangoni.

Je, kibua ana nini? Vipimo vinavyojulikana zaidi ni vya jamaa yake wa bahari ya Atlantiki, yule auzwaye kwenye makopo na akiwa barafu katika maduka makubwa. Gramu 100 za nyama yake iliyopikwa bila mafuta zina protini gramu 24 hivi. Hiyo ni sawa na protini ya mayai manne. Akiwa mbichi, gramu 100 zina protini gramu 18 na ushei. Moto haumwongezei protini. Humpunguzia maji, na kilichobaki hukolea. Kibua wetu wa maji ya joto kwa kawaida ana mafuta machache kuliko huyo wa maji ya baridi, lakini kwa protini hawaachani sana.

Aidha, samaki huyu ana vitamini B12 kwa wingi. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na gramu 100 za yule wa Atlantiki aliyepikwa zina takriban 19. Vitamini hii huunda damu na kulinda mishipa ya fahamu, na haipatikani katika mahindi, maharagwe wala mboga za majani. Kuna pia vitamini D, pamoja na mafuta ya omega-3, ambayo husaidia moyo na hujenga ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Hali kadhalika, samaki akiliwa pamoja na maharagwe au mboga, huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivyo. Kwa hivyo kipande kidogo kando ya sima na mchicha si pambo.

Namna ya kupika ina maana pia. Ukimchoma juu ya makaa, ukimpika mchuzi wa ukwaju au ukimpaka kwa tui la nazi, mafuta yake mema hubaki kwa kiasi kikubwa. Ukimchemsha, baadhi ya vitamini huingia katika supu, basi usiimwage. Ukimzamisha katika mafuta yanayochemka, huyapoteza baadhi ya mafuta yake na kuyanywa ya karai. Hatusemi umwache mama karanga wa mtaani, kwani huyo ndiye huwafikishia wengi samaki wa bei nafuu. Ila tazama karai lake: mafuta yakiwa meusi na mazito kwa kurudiwa siku nyingi, tafuta pengine. Naye ng'onda, kwa kuwa ametiwa chumvi nyingi, mroweke na umwage maji kabla ya kumpika, hasa nyumbani kukiwa na mgonjwa wa shinikizo la damu.

Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Kibua, nguru na jodari wakiachwa juani bila barafu, bakteria huanza kuzalisha ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini. Ikishaingia haitoki, si kwa kukaangwa, si kwa kuchemshwa, wala kwa kugandishwa. Mlaji huona uso ukiwaka na kuwa mwekundu, kichwa kikigonga, moyo ukienda mbio, ngozi ikiwasha, na pengine tumbo kuharibika, yote katika muda wa dakika chache hadi saa moja au mbili. Wengi hudhani wamerogwa au kwamba samaki wamewakataa. Ukiyaona hayo, nenda zahanati ueleze ulichokula. Dawa zipo.

Kinga ni kununua mapema na kuuliza amevuliwa lini na amekaa wapi. Macho yang'ae, matamvua yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Lakini histamini yaweza kuwepo hata samaki akionekana mzuri, kwa hiyo la muhimu zaidi ni barafu, tangu chomboni hadi nyumbani. Ukionja ukahisi ulimi unawashwa kama kwa pilipili ilhali hukutia pilipili, tema. Mwanafunzi wa bweni asiye na friji anunue wa kupika siku hiyo hiyo, au achukue wa kopo, ambaye mifupa yake laini huliwa na kumpa madini ya kalsiamu.

Na sasa lile tuliloahidi kulirudia. Samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki mwilini mwaka baada ya mwaka, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa kuwa kibua hula vijidudu na maisha yake si marefu, hukusanya kidogo. Mama mjamzito akila samaki wadogo mara mbili au tatu kwa wiki, jumla ya gramu 230 hadi 340, amefanya vyema. Nguru mkubwa na papa si wa kuwategemea wakati huo. Mtoto naye, akishatimiza miezi sita, apewe nyama iliyopondwa na kupekuliwa miiba kwa vidole, kwani kibua ana miiba midogo.

Mara nyingi chungu kikiteremshwa, kichwa na mchuzi huenda kwa watoto, na minofu kwa baba. Leo geuza mkono. Mnofu wa kwanza mpe mdogo wa wote, kwa kuwa ndiye asiyeweza kungoja.

Hadi Jumapili ijayo, kuleni salama.