Chakra ni Sanaa, ya Kwetu ni Uchawi?

Wasee wa Yamumbi, leo sina salamu ndefu. Kuna tabia imetuzoea na nimeichoka.

Mtu anaweza kukueleza Susanoo kuanzia mbavu mpaka upanga. Vile chakra ya Sasuke inatoka mwilini, inakuwa mifupa, halafu nyama, halafu jitu la zambarau lenye silaha, na vile mwili wote unamuuma akilitumia. Ana stika yake kwenye simu, ana picha yake kwenye hudi. Lakini kijana wa mtaa akichora mzee wa hapa kwetu amefumba macho, nguvu inamtoka kifuani na kusimama mbele yake kama simba, huyo huyo anaandika: "Hii ni uchawi buda. Shindwe!"

Sasa nikuulize. Unajua Susanoo ni nani? Ni mungu wa dhoruba wa Wajapani, ndugu yake Amaterasu, mungu wa jua. Pale Kyoto ana hekalu, Yasaka, na watu wanaenda kumwomba mpaka leo. Masashi Kishimoto alichukua miungu ya kwao akaiweka ndani ya Naruto, iliyoanza kutoka 1999. Kwa hivyo hiyo kitu unavaa kifuani ukienda tao ni mungu wa watu, na usingizi unapata vizuri tu. Sisemi uivue. Mimi pia ni shabiki, na bado sijaona jitu la nguvu linalonitisha kama lile.

Ya kwetu je? Chukua Fumo Liyongo wa Pwani. Silaha haimwui, isipokuwa sindano ya shaba ikimwingia kitovuni. Huo ni mfumo wa nguvu kamili, una kanuni na una bei, maana aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa, amerubuniwa na sultani wa Pate kwa ahadi ya mke. Halafu inakuja sehemu inayonimaliza. Liyongo, tayari amechomwa, anaenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na anafia hapo akiwa amelenga. Mji unakosa maji siku kadhaa kwa sababu hakuna anayethubutu kusogea. Maiti inazuia mji mzima! Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake 1913, miaka 86 kabla ya Naruto.

Karibu na sisi, hapo jirani Nandi, kuna Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyeongoza watu wake dhidi ya Waingereza na reli yao mpaka wakamwua Oktoba 1905. Mwaka huo huo, kusini mwa Tanganyika, watu waliingia vitani na Wajerumani wakiamini dawa ya Kinjikitile itageuza risasi kuwa maji. Risasi haikugeuka. Walikufa kwa maelfu. Hebu andika hiyo hadithi: imani ya ndani inayotosha kuunganisha makabila lakini haitoshi kuzuia bunduki. Si rahisi kama kupiga nduru mpaka nywele ziwe za manjano.

Na hilo neno mnalotupa ovyo, "uchawi", lina damu. Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa wachawi. Mtoto akikua anasikia kwamba nguvu ya Mjapani ni sanaa na nguvu ya nyanya yake ni ushetani, mnadhani atamwangalia nyanya yake vipi?

Ng'endo Mukii, Mkenya, alitengeneza Enkai ndani ya Kizazi Moto, 2023. Ni wangapi hapa mmeitazama? Msinijibu, najua.

Kwa hivyo wewe kijana uliyefuta michoro yako wiki iliyopita sababu ya hizo komenti, irudishe. Na ukimaliza simba wako, nichoree Liyongo kisimani, nguvu yake ikiwa bado imesimama nyuma yake na upinde. Usimpake bluu kama kila mtu. Mpake shaba.