Bustani Isiwe Mahali pa Adhabu

Nataka kusema neno juu ya mimea itambaayo, ambayo kila mwaka twaipanda kandokando ya kuta na uzio wa shule, na kila mwaka yatufia. Watu husema kwamba kiangazi cha Tabora ni kirefu na jua lake ni kali. Mimi nasema jua halina kosa. Mimea yetu yafa kwa sababu tumeifanya kuwa adhabu.

Aliyechelewa mstarini hupewa ndoo amwagilie bogonvilia. Naye, kwa kuwa ana hasira, humwaga maji yote juu ya majani na kwenda zake. Kesho huja mwingine. Hakuna ajuaye kama shina lilipata maji jana, wala kama mchwa wameanza kulila. Mmea huo una wafungwa wengi, lakini hauna mlezi hata mmoja.

Wako wasemao kwamba adhabu sharti ilete faida. Nakubali. Lakini mtaro ukizibuliwa leo umezibuliwa, na kazi imekwisha. Mmea utambaao hauishi kwa kazi ya saa moja. Wataka mtu yule yule aufunge kwenye kijiti ungali mchanga, auelekeze njia yake, aupunguze matawi ukisha kuchanua, na kuukagua kila juma.

Wako pia wasemao tupande maharage, maana maua hayaliwi, tena ni mambo ya kigeni. Hao na watazame miembe. Asili yake si Unyanyembe, bali ni Bara Hindi na nchi jirani zake. Ilipandwa kandokando ya njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na leo ndiyo alama ya mji wetu. Ugeni haukuizuia kuota. Nasi twakaa chini yake hata miezi isiyo na embe, kwa kuwa kivuli nacho ni faida. Uzio uliofunikwa vizuri hutupa kivuli na kuzuia vumbi.

Hata hivyo, si kila mmea wafaa kila mahali. Aivi ya Ulaya, ambayo huonekana katika picha za vyuo vya Uingereza, hupenda ubaridi na kivuli. Hapa kwetu heri ikae katika chungu barazani, mbali na jua la mchana. Nayo hushika ukuta kwa vijizizi vitokavyo katika shina. Haifai hata kidogo kupandwa kwenye ukuta wa udongo, kama wa tembe la Kwihara alimokaa Dakta Livingstone mwaka 1872, maana vijizizi huingia katika nyufa. Bogonvilia, iliyotoka Amerika ya Kusini, yapenda jua na huvumilia ukame ikisha kukomaa. Lakini haishiki ukuta yenyewe, hivyo yataka waya au fito.

Shauri langu ni hili. Kidato cha Kwanza wafikapo mwezi wa Januari, mvua zikiwa bado zanyesha, kila bweni liwape mmea wao, nao wautunze mpaka wamalize Kidato cha Nne. Mvua zikikoma, waweke nyasi kavu kuzunguka shina, wamwagilie asubuhi, maji mengi mara mbili kwa juma, wala si kikombe kimoja kila siku. Kwa likizo ya Juni, wafukie mtungi wa udongo hadi shingoni karibu na shina na kuujaza maji, nayo yatapenya polepole. Wazazi wakaao mjini wawaruhusu watoto wao waje kwa zamu kuujaza tena. Na mwenye kosa apewe kazi nyingine iliyo na mwisho.

Sisi wa Kidato cha Nne twaondoka Novemba, wala hatutakaa katika kivuli hicho. Kwa hiyo sijiombei mimi. Nawaomba walimu wetu walifikirie jambo hili kabla ya mvua kuanza, ili Kidato cha Kwanza wajao wakute kitu cha kutunza, wala si ndoo ya adhabu.