Mwenye Mzigo Apishwe

Mwandishi anayedai wapagazi wa Kilimanjaro hawana adabu kwa kuwapita wageni mbiombio amekosea, tena vibaya. Mpagazi hutangulia ili mgeni akifika kambini akute hema limesimama na chai imechemka. Pale kwenye ukuta wa Barranco, mgeni mwenye kibegi cha maji na koti hung'ang'ania mwamba kwa mikono miwili. Mpagazi hupanda papo hapo na mzigo unaoweza kufika kilo 20. Kumsimamisha ili upige picha ni kumhatarisha. Sokoni Kariakoo, mbeba gunia akipaza "Pisha! Pisha!" hata tajiri mwenye duka husogea. Mlimani anayepaswa kupisha ni mgeni, asogee upande wa mwamba, si wa korongo.